Willys ya Muzee Constant na Swali la Tisa

Toledo, 6 Aprili 2025

Mjomba Hilaire,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Émérance na kuku wake wote. Sisi huku tupo. Baridi imeanza kulegea, watoto wamepona mafua, na mimi bado nafanya kazi katika nyumba ya wazee, kuwaosha na kuwalisha. Tangu mabenki na uwanja wa ndege vifungwe huko Goma, kila habari inayotufikia inatutia wasiwasi, kwa hiyo niandikie mnavyokula na mnavyolala. Naandika kwa mkono kwa sababu najua masikio yako yamegombana na simu, na pia kwa sababu nina jambo linalohitaji karatasi.

Mji huu tulikoletwa na mpango wa wakimbizi, Mjomba, ndio mji ambamo Jeep zilitengenezwa tangu vita kuu ya wazungu. Nimekaa hapa miaka tisa bila kujua. Kiwanda cha zamani cha Willys kilibomolewa, limebaki bomba la moshi peke yake, refu, lina maandishi ya matofali. Mmoja wa wazee wangu, Mzee Dale, alifunga magurudumu humo miaka thelathini. Siku nilipomwambia kwamba babu yangu alikuwa na Willys huko Congo, aliketi wima kitandani, mtu ambaye hunisumbua kila asubuhi kumwinua.

Anatunza daftari nene la chama cha wenye Willys za zamani. Kila mwenye gari ana ukurasa wake, ameuandika kwa mkono: alilipata wapi, lilimbeba nani, lilimkosea nini. Kuna mkulima aliyelitumia kulimia mahindi, kuna mama aliyezalia kiti cha nyuma. Kutoka Afrika hakuna ukurasa hata mmoja. Hapo ndipo nilipojisifu. Nilisema letu lipo hadi leo, Munigi, chini ya turubai, na mwenyewe ataandika.

Maswali ni kumi, nimekuandikia kwa Kiswahili nyuma ya karatasi hii. Tafadhali usiniaibishe. Hapa nyumbani wote wanakusalimu.

Mtoto wa dada yako,
Charline

Munigi, 25 Mei 2025

Mwanangu Charline,

Barua yako imenifikia kupitia Gisenyi. Joyeuse, yule anayeuza vitambaa Birere, ndiye anayevuka barrière ya mpakani na barua zetu, na hii ya jibu ataivusha yeye. Mama Émérance mzima. Kuku wamebaki sita, wengine tusiseme. Kijana wetu Gradi anaendesha moto, akirudi jioni na pikipiki na viatu vyote viwili tunamshukuru Mungu. Namkumbuka marehemu dada Julienne, mama yako, kila nionapo maandishi yako, maana mnaandika herufi sawasawa. Wasalimie watoto, wasalimie majirani, na huyo Mzee Dale mwambie mimi pia nikiamka kuketi ni kazi.

Haya, gari. Hapa Goma kila gari kubwa watu wanaliita jeep, hata la Wajapani la mashirika, na mimi huwasahihisha mpaka wananikimbia. Jeep ni letu. Willys ya 1954, boneti ndefu kwenda juu, matundu saba mbele. Yale ya jeshi yalikuwa na tisa. Baba yangu Muzee Constant alilipata mwaka wa 1960 kwa mkulima mmoja wa kahawa wa Rutshuru, mzungu aliyekuwa akiondoka kwa haraka. Lilibeba vitunguu na viazi kutoka Butembo, lilibeba mapadri, lilimbeba mama yangu kwenda kunizaa. Lilikuwa linakunywa mafuta kama mtu aliyefiwa, na mlimani linachemka, lakini halikuwahi kutuacha njiani.

Swali la saba linauliza kisa cha pekee. Waandikie cha pillage ya mwaka wa 91, wanajeshi walipopora mji. Swichi ya gari ilikuwa imekufa zamani, mtu yeyote angeweza kuliwasha kwa kipande cha waya. Kwa hiyo Muzee, kila akiegesha, alifungua mfuniko wa delco akatoa doigt. Ni kipande kidogo cha kahawia, ukubwa wa nusu ya kidole gumba. Kinazunguka humo ndani na kugawa moto kwa buji zote nne, na bila hicho injini haiwaki hata ukiiombea. Wanajeshi walisukuma Willys yetu hadi barabarani, wakatukana, wakaiacha. Muzee alikuwa amekaa mlangoni na doigt ndani ya shavu, mbele yao, anatabasamu. Tulicheka mwezi mzima.

Alituwekea sheria: ukitoka nyumbani peke yako na kuacha watu nyuma, doigt usiondoke nayo. Unaitundika kwenye msumari chini ya msalaba wa sebuleni. Hiyo pia waandikie, watajua alikuwa mtu wa akili.

Nimejibu maswali yote. La tisa sikulielewa vizuri, nimeliruka.

Mjomba wako,
Hilaire

Toledo, 29 Juni 2025

Mjomba mpendwa,

Tumefurahi kusikia mko hai na kuku sita. Mtoto wangu wa kwanza amemaliza shule ya msingi, tulimpikia sombe ya majani ya huku ambayo haifanani na sombe. Mzee Dale nilimsomea ukurasa wako mara mbili. Kisa cha shavu kilimchekesha mpaka nesi akaja kutazama.

Anauliza tu kuhusu swali la tisa. Si gumu, Mjomba. Linasema: gari lilisimama lini, na kwa sababu gani.

Nataka pia kukuambia kitu kuhusu barua yako. Umewasalimia watoto, majirani na mzee usiyemjua. Baba hukumsalimia. Na mimi katika barua yangu ya kwanza sikumtaja, nikajificha kwenye neno "wote". Tumezoea hivyo katika familia yetu.

Baba Achille anakaa nami. Ana miaka sitini na sita, anafagia shule moja karibu na hapa. Yeye aliyekuwa fundi wa magari anayejulikana kutoka Munigi hadi Kibumba, huku hajagusa injini hata moja. Gari langu likizima uani, anasimama dirishani na kungoja waje kulivuta. Ninajua kwa nini, nawe unajua. Siku ya volkano ya 2002 mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwepo. Nilimwona akizungusha manivelle, kile chuma cha kuwashia injini, mpaka mikono ikatoka damu na Willys haikuwaka, gari alilokuwa amelitengeneza jana yake. Nilimwona bibi Masika, mama yako, akishushwa garini na kuwekwa juu ya chukudu, baiskeli ya mbao ya Damascène jirani, akisukumwa hadi Kibumba katika moshi na mvua, na siku ya tatu kifua kikamuua.

Tuliporudi Munigi ukaliwasha mara moja mbele ya watu wote, ukasema Baba alifunga karbureta vibaya, mimi niliona aibu kuwa mtoto wake. Wakati wa kwenda kuweka msalaba kaburini Kibumba alininyooshea mkono, sikuushika. Nilitembea na wewe, Mjomba, nimeshika wa kwako. Sijawahi kumwomba radhi.

Mwezi wa kumi chama kina siku yake, magari yote yatakuwepo. Ninataka aje. Ninataka aone kwamba magari huharibika kwa watu wote, hata hapa yalikozaliwa. Kwa hiyo niandikie kwa upole tu kilichoharibika.

Charline

Munigi, 3 Septemba 2025

Charline,

Tumepata barua. Émérance alikuwa na malaria, sasa anasimama. Mvua imeanza. Samahani nimechelewa, kalamu ilikosekana, halafu Joyeuse hakuvuka.

Kuhusu swali lile andika karbureta chafu. Inatosha. Mambo ya wafu tuwaachie wafu, na wazungu wa chama hawahitaji kujua yote.

Hilaire

Toledo, 5 Oktoba 2025

Mjomba,

Naandika kwa kifupi. Niliandika karbureta kama ulivyosema. Lakini ukurasa unaomba jina la fundi wa mwisho na sahihi yake, kwa hiyo nilimpelekea Baba mezani nikamsomea. Nilidhani nikisoma kwa sauti ya kawaida haitamuuma.

Aliomba kushika karatasi yako, siyo yangu. Akaitazama muda mrefu. Akauliza, "Hilaire ameandika hivi kwa mukono yake mwenyewe? Mwaka huu?" Nikasema ndiyo. Alikunja karatasi vizuri, akanirudishia, akaenda kulala bila kula. Siku ya chama hakuja. Nilikwenda peke yangu nikasimama kati ya magari ya watu.

Mama alikufa 2019 bila kumwita Baba fundi tena hata siku moja, na alikuwa mke wake. Mimi nimeanza kuogopa swali hili. Kuna nini hapo?

Charline

Munigi, 2 Novemba 2025

Mwanangu Charline,

Leo ni siku ya marehemu. Nimetoka misa, nimemwambia Émérance asiniite mpaka nimalize. Salamu za nyumbani utazipata siku nyingine.

Doigt ilikuwa kwangu.

Siku ile ya Alhamisi nilitoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda duka letu la Birere, doigt ikiwa mfukoni mwa suruali. Volkano haikuwa imesikika bado. Ilipofika mchana moto ulishuka kupitia Munigi ukaingia mjini, njia ya kurudi nyumbani ikakatika, nikasukumwa na umati hadi Gisenyi. Huko nikatafuta kitambaa nifute jasho, nikagusa kile kipande. Nilikaa chini hapohapo barabarani. Watu walidhani nimefiwa, wakanipa maji.

Nilifika nyumbani kabla yenu. Moto ulikuwa umepita hatua arobaini kutoka Willys, hata turubai haikuungua. Nikarudisha doigt mahali pake, nikafunga. Kisha mkaja kutoka Kibumba na habari ya Mama. Matangani wanaume waliuliza kwa nini gari halikuwaka. Ningeweza kusema. Nilifungua kikombe cha karbureta, nikakipuliza, nikakifunga, nikazungusha mara moja likawaka. Nikasema, "Ni karbureta. Ilifungwa mubaya." Sikutaja jina la mtu. Sikuhitaji, wote walimgeukia Achille.

Karatasi hii ya juu niliiandika jana nikalala. Asubuhi niliisoma nikaona nimeficha tena, kwa sababu ukisoma utadhani nilisahau. Charline, sikusahau. Jumatano jioni Achille alimaliza kulitengeneza, akampakia Mama, akamzungusha mtaani, Mama akishangilia kama msichana. Akasema mbele ya watu kwamba Willys haijaenda vizuri hivi tangu Muzee afe, na kwamba Achille ndiye angepaswa kuachiwa gari. Mimi mtoto wake wa kiume nilikuwa nimesimama pale. Asubuhi nilifika kwenye msumari, doigt mkononi, nikawaza: nikiiacha, leo atamwendesha tena. Nikaitia mfukoni. Niliiona sheria ya baba yangu kwa macho yangu, nikaipita.

Baada ya matanga niliegesha Willys, nikatoa doigt, sikuliendesha tena. Nimehama suruali ngapi, kipande kile kimehama nami. Kanisani nakigusa. Nilipoletewa habari ya kifo cha Julienne nilikuwa nimekishika, na nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe, kwamba hatajua tena.

Nimekifunga kwenye nailoni ndani ya bahasha hii. Mpe Achille. Usiniombee msamaha kwake. Sijui hata neno la kumwita baada ya haya, shemeji si neno ninalostahili.

Hilaire

Toledo, 14 Desemba 2025

Mjomba Hilaire,

Sisi wazima. Nimekaa na barua yako siku tisa kabla ya kumpa. Nilikuchukia, nikuambie wazi. Halafu nikajichukia mimi, kwa sababu ya ule mkono niliouacha hewani Kibumba.

Jumapili baada ya chakula niliweka doigt mezani, nikamsomea yote, hata ya asubuhi kwenye msumari. Nilikuwa nalia, nasoma vibaya. Yeye hakulia. Alichukua kile kipande, akakifuta kwa shati, akakigeuza kwenye mwanga kuona kama kina ufa, akasema, "Iko muzima." Kisha akasema, "Nilijua."

Fikiria, Mjomba. Mimi na wewe na Mama na Damascène, wote tulisahau kwamba yule alikuwa fundi. Gari likikataa kuwaka fundi anaangalia moto kwanza. Alifungua delco kabla hata ya kugusa manivelle, akaona hakuna kitu. Alikwenda sebuleni, akaona msumari mtupu. Alijua uko wapi, na kipande kiko wapi.

Nikamuuliza, kama ulijua haliwezi kuwaka, kwa nini uliendelea kuzungusha mpaka mikono ikapasuka? Akasema bibi alikuwa ameshapandishwa, ameketi mbele, ameshika rozari, na Mama na Damascène walikuwa wamekwenda kuleta chukudu. Bibi alikuwa anamtazama. Kama angefunga boneti na kukaa, bibi angeuliza, naye angelazimika kumwambia ukweli. Basi akazungusha. Bibi akamwambia, "Achille, mutoto yangu, wacha, unajiumiza." Yeye akawa anamjibu, "Hapana mama, iko karibu kuwaka." Hakutaka afe akijua kwamba mwanawe ameondoka na gari mfukoni.

Na matangani? Nikamuuliza hilo pia. Alisema ulikuwa umetoka kufiwa na mama yako, na kwao mkwe hasimami kwenye matanga kumvua nguo mtoto wa marehemu. Alingoja useme mwenyewe. Alidhani itachukua wiki moja.

Nilimwomba radhi kwa ajili ya mkono. Alisema hakumbuki, lakini anakumbuka, maana alinipa mkono wake palepale, juu ya meza, na nikaushika kwa aibu, mtu mzima wa miaka thelathini na tano.

Doigt anakurudishia, imo ndani ya bahasha. Anasema kipande hicho si cha mfukoni, ni cha gari. Swali la tisa hajibu yeye. Anasema si lake.

Charline

Munigi, 17 Januari 2026

Charline, na wewe Achille, maana najua atakusomea,

Émérance mzima. Gradi mzima. Kuku ni wanne. Leo ni miaka ishirini na minne.

Niliomba nafasi kwenye shirika letu la Kikristo la Munigi, baada ya sala, nikasema yote nimesimama. Damascène alikuwepo. Yeye ndiye aliyemsukuma mama yangu hadi Kibumba, na tangu siku hiyo jina la Achille lilikuwa halitajwi mbele yake. Nilipomaliza alivaa kofia yake akatoka. Asubuhi tulikutana kisimani, nilimsalimu, akachota maji yake akaenda. Ana haki. Émérance ananipikia lakini bado hajaongea nami.

Nimetoa turubai. Panya wamekula viti, tairi zimekuwa udongo, betri hakuna. Nimefungua mfuniko wa delco, nikarudisha doigt mahali pake, nikafunga. Halitawaka. Mfuko wa suruali yangu ni mtupu, na mkono bado unakwenda kutafuta, mara kumi kwa siku.

Achille, nimesoma pale ulipomwambia Mama iko karibu kuwaka. Nimesoma hapo tu, sijaweza kupita hapo. Ningependelea ungenipiga.

Ukurasa wa kwanza wauchane. Jibu langu kwa swali la tisa ni hili, waandike kama lilivyo:

Gari lilisimama tarehe 17 Januari 2002. Halikuharibika, siku hiyo wala siku nyingine. Fundi wa mwisho, Achille, alilifunga vizuri. Mimi mwenye gari niliondoka na kipande chake mfukoni kwa sababu sikutaka shemeji yangu aliendeshe, na mama yangu alikuwa ameketi ndani.

Hilaire, mwana wa Constant na Masika